Hodi ya Nne

Hodi hubishwa mara tatu; ya nne ni ugomvi.
Lakini duka hili lililomo ndani ya kompyuta
limenibishia hodi asubuhi nzima,
nami ndiye mwenye nyumba.
"Ingiza nywila." Nimeingiza.
"Ingiza nywila." Nimeingiza tena, polepole,
kidole kimoja, kama kuku anayedonoa:
herufi kubwa mwanzo, nukta mwisho.
Kisanduku kikatikisika, kikaondoka,
kikarudi chai haijapoa.

Hapa Kutaisi theluji imeanza kuwa matope.
Saa nane nangojwa shule ya muziki,
kuna kinanda kilicholegea nyuzi kwa baridi,
na programu inayonisaidia kusikia
(sikio la kushoto limenisaliti tangu mwaka juzi)
haifunguki mpaka isasishwe,
haisasishwi mpaka niseme mimi ni nani.

Nilijaribu yote. Nilitoka, nikaingia upya.
Nilizima mashine, nikahesabu hadi thelathini, nikaiwasha.
Nikaona saa yake imebaki nyuma miaka minne,
nikairekebisha nikijisifu: kumbe mchawi ni wewe!
Wapi. Hodi.
Nikabadilisha nywila.
Sasa nina nywila mbili za kusahau.

Lamara, mtoto wa dada yangu, alipita kuchukua asali.
Hakuvua hata koti. Aliinama tu.
"Mjomba, wewe husomi."
Chini ya kisanduku, kwa maandishi ya kijivu,
madogo kama mbegu za mchicha,
palikuwa na anwani. Si yangu.
Kabla ya kile kikonokono cha katikati
palikaa jina: Vazha.

Basi si mimi niliyeulizwa.
Siku zote hizi mlango ulikuwa unauliza
mtu mwingine yuko wapi,
nami naujibu kwa jina langu.

Vazha ndiye aliyeinunua programu,
enzi tukiwa na gari moja, deni moja,
na ufunguo mmoja wa kukazia nyuzi.
Tulipogombana tuligawana:
yeye gari, mimi kompyuta,
ufunguo sijui uliishia wapi.
Hakuna aliyekumbuka kwamba duka haligawi;
kilichonunuliwa kwa jina hubaki na jina.

"Ifute," Lamara akasema, "ununue yako. Lari arobaini."
Ni kweli, dawa ni hiyo.
Kidole kikafika juu ya neno Futa, kikakaa,
kama mgeni asiyejua avue viatu au asivue.
Miaka sita.
Namba yake niliifuta simuni; vidole havikuifuta.

Iliita mara tatu. Nilitaka kukata.
"Nani?"
"Otar. Nataka nywila."
Kimya. Nyuma yake mbwa akabweka,
mbwa mgeni kwangu, sauti nene,
re iliyoshuka nusu ya nusu.
"Nimeisahau," alisema. Kisha: "Ngoja. Wananitumia namba."
Akanisomea tarakimu sita, moja moja,
kama zamani, yeye akigonga, mimi nikikaza.
"Umezipata?"
"Rudia mbili za mwisho," nilimwambia,
ingawa nilizisikia.

Kinanda cha shule kilikubali, isipokuwa
fa moja ya juu, mkaidi, niliyoiacha ilivyo.

Leo kompyuta imenyamaza.
Duka linafunguka bila swali,
programu inajisasisha usiku nimelala.
Nimelifungua, nikalifunga, nikalifungua.
Labda limenizoea. Labda linadhani mimi ni yeye.
Chai imepoa, nami nipo, sijaondoka,
nimeweka simu karibu na mkono,
nasubiri liniulize.